Kiangazi cha mdudu mweupe: jinsi nyigu mdogo alivyookoa mihogo ya Kongo

Mwezi wa sita ukifika na mvua kukatika, wakulima wengi wa Kongo huona kwamba kazi ya shamba la mihogo imekwisha kwa muda. Jembe linapumzika, magugu yanakauka yenyewe, na mama anaingia shambani mara moja moja tu, kuchuma sombe au kung'oa mizizi ya kupika. Lakini historia ya nchi hii inaonyesha jambo lingine. Ni katika miezi hiyo mikavu, wakati watu wachache wanaangalia majani, ndipo mihogo ilikaribia kuwaponyoka Wakongomani.

Jambo hilo lilianzia upande wa magharibi, karibu na Kinshasa, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Lilisafiri hadi Maziwa Makuu, likagusa karibu nchi zote za Afrika zinazokula mihogo. Likatulizwa na mdudu mdogo ambaye wakulima wengi hawajamwona hata leo, ingawa yumo katika mashamba yao.

Zao ambalo kila mtu aliliamini

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, ukaingia kupitia pwani ya Atlantiki, karibu na mlango wa mto Kongo. Kutoka hapo ulipanda na mto, kijiji kwa kijiji, soko kwa soko, hadi ukafika mahali ambapo hakuna Mreno aliyewahi kukanyaga.

Watu waliupokea kwa sababu nzuri. Muhogo unakubali udongo uliochoka. Unaweza kukaa ardhini miezi mingi ukimngoja mwenyewe, na hauhitaji ghala. Nzige wakipita wanakula mtama na mahindi, lakini mizizi ya muhogo iko chini ya udongo, hawaifikii. Wakati wa ukoloni, wakubwa wa serikali walihimiza familia kupanda mihogo kama akiba ya njaa. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933 na kuwa na kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi, iliweka muhogo kati ya mimea iliyochunguza.

Hivyo muhogo ukawa chakula cha kila siku: fufu na bugali kutoka kwa mizizi, kwanga kwa msafiri, na majani yenyewe kama mboga. Wengine huyaita pondu, wengine sombe. Katika nyumba nyingi, hakuna mboga inayopatikana kwa urahisi kama hiyo, hasa wakati wa kiangazi ambapo lenga-lenga na mboga nyingine zinahitaji kumwagiliwa.

Lakini nguvu hiyo ya muhogo ilikuwa na sababu moja ambayo wachache waliifahamu. Mti ulipovuka bahari, wadudu wengi waliokuwa wakiula kule Amerika walibaki nyuma. Ulikuwa na magonjwa yake hapa, kama vile ugonjwa wa mozaiki unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano. Hata hivyo, adui zake wa zamani hawakuwapo. Kwa karibu miaka 400, mihogo ya Afrika iliishi kama mtu aliyehama akawaacha majirani wabaya. Kisha mmoja wao akafuata.

Mwaka 1973

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hasa mwaka 1973, wakulima wa pande zote mbili za mto, karibu na Kinshasa na Brazzaville, walianza kuona kitu kipya. Kwenye ncha ya mti wa muhogo, pale ambapo majani machanga yanatoka, palikuwa na vitu vyeupe kama unga au pamba. Ukivigusa, vinasagika na kuacha majimaji kidoleni. Vilikuwa wadudu.

Majani machanga yalijikunja na kusongamana, yakawa kama kabichi ndogo. Nafasi kati ya jani na jani ikafupika, na shina likapinda. Mwisho, majani yakaanguka, na mti ukabaki kijiti kitupu katikati ya kiangazi. Mdudu huyo anafyonza utomvu, na mate yake yana sumu inayouvuruga mti usiweze kukua.

Hasara ya kwanza ilikuwa mboga. Sombe ilipotea sokoni katika miezi ile ile ambayo watu waliitegemea zaidi. Hasara ya pili ilikuwa mizizi, kwa sababu mti usio na majani hauwezi kujaza mizizi. Katika mashamba yaliyoshambuliwa vibaya, watafiti walihesabu hasara iliyofika hadi asilimia 80. Hasara ya tatu ilikuwa ya mwaka uliofuata: mashina yalikuwa membamba na yaliyopinda, hayafai kukatwa vijiti vya kupanda. Mkulima alipoteza chakula, na mbegu pia.

Mwaka 1977, mtaalamu wa wadudu kutoka Paris, Danièle Matile-Ferrero, alimwandika mdudu huyo katika vitabu vya sayansi na kumpa jina Phenacoccus manihoti. Alikuwa mdudu ambaye sayansi haikuwa imemtambua bado. Hapo ndipo ilipoeleweka ukubwa wa tatizo. Wote ni majike, na hawahitaji dume ili kuzaa. Jike mmoja hutaga mayai mamia. Kwa hiyo mdudu mmoja tu, akiwa amejificha kwenye kijiti kilichofungwa katika mzigo wa msafiri, anatosha kuanzisha ukoo mzima mahali papya.

Kwa nini kiangazi

Wakulima wenyewe waliona mapema kwamba balaa hilo lilikuwa na majira yake. Mvua kubwa ziliwaosha wadudu kutoka kwenye ncha za miti, na katika unyevu kulikuwa na kuvu iliyowaua wengi. Lakini mvua zilipokatika, hakuna kilichowazuia. Upande wa Kinshasa na Brazzaville, waliongezeka kuanzia mwezi wa sita na kufikia kilele mwishoni mwa kiangazi, kabla tu ya mvua za kwanza. Wakati huo ndipo familia zilikuwa zimepunguza akiba zao.

Kulikuwa pia na wadudu wa hapa hapa waliokula wadudu weupe, hasa mbawakavu wadogo wa mviringo wenye madoa mgongoni. Shida yao ilikuwa kuchelewa. Walifika kwa wingi baada ya wadudu weupe kuwa wengi, maana yake baada ya majani kuharibika.

Watu walijaribu walichokuwa nacho. Kukata ncha na kuzichoma kulisaidia katika bustani ndogo nyuma ya nyumba, lakini shamba kubwa lilishinda mikono. Dawa za kiwandani zilikuwa ghali, na utata wake ni mkubwa kwa zao ambalo majani yake yanachumwa na kupikwa mara kwa mara. Nani angenyunyiza sumu Jumatatu na kupika sombe Jumatano?

Wakati huo mdudu aliendelea na safari. Alienda kaskazini na magharibi hadi Nigeria na Senegal, na mashariki akafika eneo la Maziwa Makuu na Tanzania katika miaka ya 1980. Upepo ulimbeba umbali mfupi. Umbali mrefu alibebwa na binadamu, katika miti ya kupanda.

Kumtafuta adui wa adui

Jibu lilitoka kwenye swali rahisi. Ikiwa mdudu huyu ametoka Amerika, mbona kule haharibu mihogo kama hapa? Lazima kuna kitu kinachomzuia.

Mwaka 1979, Mswisi aliyeitwa Hans Rudolf Herren alijiunga na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, iliyoko Ibadan nchini Nigeria. Yeye na wenzake walichagua kumtafuta adui wa asili wa mdudu mweupe badala ya dawa. Kazi haikuwa nyepesi. Amerika ya Kati na ya Kusini ni pana, na kule mdudu huyo ni nadra kwa sababu ana wanaomla. Kutafuta mdudu ambaye hasumbui mtu ni vigumu kuliko kutafuta anayesumbua.

Watafutaji walidanganyika pia. Upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini walipata mdudu mweupe wa muhogo aliyefanana sana na yule wa Afrika. Lakini alikuwa wa aina nyingine, mwenye majike na madume, na maadui zake hawakumjali ndugu yake aliyeko Kongo. Muda ulipotea. Mwaka 1981, Anthony Bellotti, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha CIAT nchini Colombia, alimpata mdudu halisi mbali zaidi kusini, nchini Paraguay. Na pamoja naye walipatikana maadui zake.

Mmoja kati yao alikuwa nyigu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita moja au mbili hivi. Wataalamu humwita Anagyrus lopezi. Hamuumi mtu, wala hana haja na mmea. Jike hutafuta mdudu mweupe na kumtia yai ndani ya mwili. Yai likianguliwa, kiluwiluwi kinamla mdudu kutoka ndani. Mdudu mweupe anakauka na kuwa ganda gumu la rangi ya kahawia. Baadaye ganda hilo linatobolewa, na nyigu mpya anaruka kwenda kutafuta mwingine.

Nyigu hao hawakuletwa Afrika moja kwa moja. Walipitishwa kwanza katika karantini huko London, ili kuhakikisha kwamba hawabebi balaa lingine. Tahadhari hiyo ndiyo iliyokosekana wakati mdudu mweupe alipoingia. Mwezi wa 11 mwaka 1981 waliachiliwa kwa mara ya kwanza katika mashamba ya Ibadan.

Kusambaa bila kuuliza mpaka

Kilichofuata kiliwashangaza hata wataalamu. Nyigu walisambaa wenyewe, wakimfuata mdudu mweupe kila alikokwenda. Ili kuzalisha wengi zaidi, IITA ilitengeneza mabomba yaliyosimama, yenye maji na mbolea, yakiwa na miche ya mihogo pande zote kama mti mmoja mkubwa. Kwenye miche hiyo wadudu weupe walifugwa, na nyigu wakafugwa juu yao. Nyingine ziliachiliwa kwa mikono, nyingine zilidondoshwa kutoka kwenye ndege ndogo.

Kwetu, ambako nchi iliitwa Zaire, kazi ya mihogo ilikuwa mikononi mwa PRONAM, mpango wa taifa wa mihogo uliokuwa na kituo chake M'vuazi, katika jimbo la Bas-Zaïre ambalo leo ni Kongo Central. Nyigu walifika katika eneo hilo katika miaka ya 1980, wakapokewa na wadudu weupe wengi kuliko walivyoweza kumaliza kwa msimu mmoja. Kufikia mwaka 1990, walikuwa wamekaa katika zaidi ya nchi 20 za Afrika.

Wadudu weupe hawakwisha, na hawajaisha hadi leo. Walipungua wakawa wachache kiasi kwamba mti unaweza kuwavumilia. Mkulima hakulipa kitu, hakupewa pampu wala kofia, na mara nyingi hakuambiwa. Aliona tu kwamba kiangazi kimoja sombe ilirudi. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo, wakati akiwa tayari mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa wadudu ICIPE jijini Nairobi.

Mahali ambapo nyigu peke yake hakutosha

Kuna sehemu ya historia hii ambayo haisimuliwi sana, nayo ndiyo inayomgusa mkulima zaidi. Katika mashamba mengine, nyigu alikuwapo na bado wadudu weupe waliendelea kuharibu. Watafiti walipochunguza, waliona kwamba mengi ya mashamba hayo yalikuwa kwenye udongo wa mchanga, uliochoka, usio na majani ya kuufunika.

Sababu yake ni ya ajabu kidogo. Nyigu jike huchagua jinsia ya mtoto wake kulingana na ukubwa wa mdudu anayemtia yai. Katika mdudu mkubwa anaweka yai la jike, katika mdogo anaweka la dume. Kwenye udongo maskini mti ni dhaifu, na wadudu wanaounyonya wanabaki wadogo. Hivyo nyigu wengi wanaozaliwa ni madume, na madume hawatagi mayai. Jeshi linaongezeka kwa hesabu lakini halina wapiganaji. Udongo ulipofunikwa kwa majani makavu au kupewa mbolea, mti ulipata nguvu, na nyigu jike wakaongezeka.

Maana yake, ile kazi ya mikono ambayo wazee walifanya, ya kurudisha majani ya magugu na maganda chini ya miti badala ya kuyachoma, ndiyo iliyompa nyigu nafasi ya kushinda.

Watafiti walifanya jaribio jingine pia. Walichukua mashamba ambamo nyigu alikuwa ameshika kazi, wakanyunyiza sehemu moja dawa ya kuua wadudu. Dawa iliua nyigu kuliko ilivyoua wadudu weupe, ambao wamejifunika nta yao. Baada ya muda, sehemu iliyopuliziwa dawa ilikuwa na wadudu weupe wengi zaidi kuliko ile iliyoachwa.

Jambo hilo lina uzito leo. Mwaka 2016 viwavi jeshi, ambao nao wametoka Amerika, walionekana Afrika Magharibi, na baada ya muda mfupi walikuwa katika mahindi ya Kongo. Katika masoko mengi chupa za dawa zinauzwa bila maelezo, na mtu anayenyunyiza mahindi mara nyingi hapumziki anapofika kwenye mihogo iliyo kando yake. Anaua adui mmoja na kumfungulia mlango mwingine aliyekuwa amefungwa tangu miaka ya 1980.

Mdudu mweupe mwenyewe bado anasafiri. Mwaka 2008 alifika Thailand, akaharibu mashamba makubwa ya mihogo. Watu wa huko hawakuanza upya kutafuta. Mwaka 2009 walichukua nyigu kutoka kituo cha IITA nchini Benin, wazao wa wale waliotoka Paraguay, na ugonjwa wa mashamba yao ukatulizwa kwa njia ile ile.

Kalenda ya mwenye shamba

Kutokana na historia hii, kuna mambo ambayo kila familia yenye mihogo inaweza kufanya bila kungoja mradi wala agronomu.

Mvua zinapoanza, iwe ni mwezi wa tisa kama huku Kivu au baadaye kama Katanga, panda mapema. Muhogo uliopandwa mwanzoni mwa mvua unafika kiangazi ukiwa na mizizi mirefu na akiba mwilini. Uliopandwa mvua zikiwa karibu kuisha ndio unaoumizwa kwanza.

Kabla ya kupanda, angalia kila kijiti. Chagua mashina ya mti wenye afya, usio na unga mweupe kwenye macho wala majani yenye madoa ya mozaiki. Nyigu hatibu mozaiki. Hiyo huzuiwa kwa mbegu safi na aina zinazostahimili. Na miti ya kupanda kutoka mbali, hasa kutoka ng'ambo ya mpaka, isiingie shambani kwa sababu tu imetolewa bure. Balaa la 1973 lilisafiri kwa njia hiyo.

Katikati ya mvua, palilia, na magugu yaliyong'olewa yaachwe chini ya miti yafunike udongo.

Kiangazi kikishika, pita shambani kila wiki na uangalie ncha. Ukiona unga mweupe, angalia tena kwa karibu. Kama kati ya wadudu weupe kuna maganda ya kahawia yenye tundu dogo, nyigu yupo kazini, muache. Kama hakuna ganda hata moja na majani yanaanza kujikunja, kata ncha hizo chache na uziondoe shambani mapema. Dawa ya mahindi ibaki kwenye mahindi.

Mama anayechuma sombe ndiye anayeona ncha za mihogo kuliko mtu yeyote mwingine. Mwaka 1973 macho kama yake ndiyo yaliyoona unga mweupe kwanza, kabla ya maabara yoyote ya Paris au Ibadan. Kiangazi hiki pia, habari ya kwanza itatoka kwenye kikapu chake.